Pesa Imekatwa, Akaunti Bado Inasoma Sifuri: Shilingi Yako Iko Wapi?

Jumamosi mchana, vijiwe vya Mtwara Mjini, Masasi na Nachingwea huwa na malalamiko yanayofanana. Mmoja ameweka shilingi elfu tano kwenye akaunti ya kubeti, simu imemkata, lakini akaunti inasoma sifuri na mechi imeshaanza. Mwingine mkeka wake, yaani tiketi ya mechi alizobashiri, umetiki (umeshinda) tangu jana usiku, ameomba kutoa, na hadi sasa hajaona ujumbe. Wa tatu amepigiwa na mtu anayejiita afisa wa kampuni, anaambiwa atume elfu thelathini ya kodi ndipo ushindi wake uachiwe. Wote watatu wanasema neno moja: nimeibiwa.

Anayekaribia kuibiwa ni huyo wa tatu tu. Wawili wa kwanza pesa yao ipo. Imekwama njiani, na mahali ilipokwama panajulikana, ilimradi ujue njia yenyewe ilivyo na ujue kusoma ujumbe ulio kwenye simu yako.

Tuanze na maneno, maana nusu ya vurugu inatoka hapo. Mtu wa Newala akisema "nimeweka pesa", huenda amempa wakala noti akaingiziwa salio kwenye simu, au huenda ametoa salio hilo kwenye simu akalipeleka kampuni ya kubeti. Ni safari mbili tofauti, zina wasimamizi wawili na risiti mbili. "Kutoa" nako ni vilevile: kuna kutoa kwenye akaunti ya kubeti kurudisha kwenye simu, na kuna kutoa kwa wakala ukashika noti mkononi. Hapa chini, kuweka na kutoa kutakuwa ni kati ya simu na kampuni ya kubeti. Tukifika kwa wakala tutamtaja.

Salio la simu ni pesa iliyoko M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), Airtel Money, HaloPesa au T-Pesa. Salio la kubeti ni tarakimu unayoiona ndani ya akaunti yako ya kampuni. Dau ni kiasi unachocheza, na odi ni kizidisho cha dau hilo ukishinda. Namba ya kampuni ni utambulisho wa anayelipwa. Namba ya kumbukumbu ni ile unayoiandika wewe ili kampuni ijue malipo ni ya nani, na mara nyingi ni namba yako ya simu au namba ya akaunti yako ya kubeti. Namba ya muamala ni tofauti kabisa: hiyo hutolewa na mtandao baada ya malipo, mchanganyiko wa herufi na tarakimu ndani ya ujumbe. Hizi mbili za mwisho ndizo watu huzichanganya wanapopiga simu kulalamika, kisha wanashangaa kwa nini hawasaidiwi.

Mikono mitatu

Mkulima wa Tandahimba anaelewa jambo hili kuliko anavyodhani. Akipeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, anapewa karatasi. Kutoka hapo zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada, mnunuzi analipa, na fedha zinashuka benki hadi akaunti yake. Siku tatu baada ya kupima hajalipwa, hasemi korosho zimeibiwa. Anauliza: zimefika ghalani? Zimeuzwa? Mnunuzi amelipa? Kila swali lina mtu wake wa kulijibu na karatasi yake ya kuthibitisha.

Pesa ya kubeti nayo hupita kwenye mikono. Wa kwanza ni mtandao wako wa simu, unaotoa pesa kwenye salio lako na kukuandikia ujumbe. Wa pili, ambao wengi hawajui kama upo, ni kampuni ya kati inayounganisha mifumo ya mitandao yote na mfumo wa kampuni ya kubeti. Si kila kampuni hupitia huko, ila nyingi hupitia, kwa sababu ni rahisi kuunganishwa na mmoja kuliko na mitandao mitano. Wa tatu ni kampuni ya kubeti yenyewe, inayopokea taarifa na kupandisha tarakimu ya akaunti yako. Ukitoa, safari inageuka na mikono ni ileile.

Kuna tofauti moja hapa ambayo kila anayebeti anapaswa kuijua. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, pesa ya wateja wa simu lazima iwe na fedha halisi sawa na hiyo kwenye akaunti maalumu ya amana benki. Salio la simu ni pesa yako iliyohifadhiwa. Salio la kubeti halina hifadhi ya namna hiyo. Ni deni ambalo wewe unaidai kampuni, limeandikwa kwenye vitabu vyake, na masharti ya kulipwa ni yale uliyoyakubali siku ya kujisajili bila kuyasoma. Ndiyo maana akaunti ya kubeti si kibubu. Ukishinda, toa. Usiache laki mbili za korosho zikilala humo eti utazitumia wiki ijayo.

Kuweka, hatua kwa hatua

Njia ya kwanza unaianzia ndani ya tovuti au programu ya kampuni. Unaingia kwenye akaunti, unachagua kuweka pesa, unachagua mtandao, unaandika kiasi. Sekunde chache baadaye simu inafungua dirisha lenye jina la anayelipwa na kiasi, likikuomba namba ya siri. Soma jina kwanza. Ukiingiza namba ya siri, mtandao unakata na kukutumia ujumbe.

Njia ya pili ni menyu ya nyota. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, T-Pesa *150*71#. Unachagua kulipa bili au kulipia kampuni, unaandika namba ya kampuni, namba ya kumbukumbu, kiasi, kisha namba ya siri. Namba ya kampuni ichukue ndani ya akaunti yako kwenye tovuti ya kampuni. Usiichukue kwenye bango la Facebook wala kwenye kundi la WhatsApp. Faida ya njia hii ni kwamba haitumii bando, kwa hiyo kule Liwale au Nanyumbu ambako intaneti inasuasua, menyu bado inaweza kupita.

Fedha zikiwa benki, kama ilivyo kwa malipo ya korosho, kwa kawaida unazihamishia kwanza kwenye simu kisha ndipo uweke. Hizo ni hatua mbili zenye makato mawili. Angalia kila moja inakukata ngapi kabla ya kubonyeza kukubali.

Sasa yanayoharibika.

Dirisha la namba ya siri lisipotokea, mara nyingi kuna menyu nyingine iliyoachwa wazi kwenye simu, au umeandika namba ya laini isiyo ndani ya simu hiyo, au mnara uko mbali. Walio kando ya Mto Ruvuma, kama Kilambo, wana tatizo la ziada: simu inaweza kunasa minara ya Msumbiji, na hapo menyu za kwetu zikagoma. Nenda kwenye mipangilio, acha kuchagua mtandao kwa otomatiki, chagua wa Tanzania mwenyewe. Dirisha likichelewa hufa lenyewe baada ya muda mfupi. Kosa kubwa ni kubonyeza tena na tena kwa hasira. Madirisha yakija mawili na ukayajaza yote, umelipa mara mbili kwa ridhaa yako. Kabla ya kurudia, angalia salio la simu.

Namba ya kumbukumbu ikikosewa tarakimu moja, pesa inaweza kuingia kwenye akaunti ya mtu usiyemjua. Mtandao hapo hauna la kufanya, maana kwa upande wake umemlipa uliyesema alipwe. Mwenye uwezo wa kurekebisha ni kampuni ya kubeti, na ni rahisi zaidi kama huyo mtu hajaichezea. Kwa hiyo dakika zina thamani. Karibu na kosa hili kuna la kulipia kwa laini ya kaka au ya shemeji. Kampuni nyingine humtambua mteja kwa namba iliyolipa, basi pesa inafungua au kujaza akaunti ya mwenye laini, na ushindi nao utarudi kwake. Wewe utabaki kumbembeleza.

Halafu kuna hili la "imekatwa, haijaingia". Wasafiri wa kusini wanakumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Magari yalilala njiani. Mzigo uliotoka Dar es Salaam haukuwa tena dukani kwa muuzaji, na kwa mnunuzi wa Mtwara ulikuwa bado haujafika. Haukupotea pia. Tarehe 12 ya mwezi huohuo kebo za baharini zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima, na pesa inayosafiri kati ya mifumo ikikutana na kukatika kwa namna hiyo hukaa vilevile: mtandao umeshakata, taarifa haijafika upande wa pili.

Ujumbe wa simu ndio unaokwambia imekwama wapi. Ukisema muamala umethibitishwa na fedha zimetumwa kwa kampuni fulani, mkono wa kwanza umemaliza kazi. Tatizo liko kati au kwa kampuni. Subiri nusu saa, kwa sababu mifumo hulinganisha hesabu yenyewe na miamala mingi huingia bila mtu kugusa. Ikipita, watumie kampuni namba ya muamala, kiasi, tarehe na saa, namba ya simu iliyolipa na namba ya kumbukumbu uliyoandika. Ukisema tu "nimeweka haijaingia" utaulizwa hayohayo baada ya kusubiri foleni. Kama salio limepungua lakini hakuna ujumbe wowote, anza na mtandao wako kwa kupiga 100. Kama ujumbe unasema muamala umeshindikana, angalia salio kwanza, mara nyingi pesa imesharudi.

Kutoa

Kutoa kunaanzia ndani ya akaunti: unachagua kutoa, unaandika kiasi, unathibitisha. Ombi hupitia hali kadhaa, kwa kawaida inasubiri, imekubaliwa, imetumwa, au imekataliwa. "Imetumwa" maana yake imetoka mikononi mwa kampuni; usipoiona kwenye simu, iombe kampuni namba ya muamala, kisha uipeleke kwa mtandao.

"Inasubiri" ndiyo inayowatesa watu, na ndiyo yenye mtego. Wakati ombi linasubiri, akaunti nyingi huweka kitufe cha kughairi. Pesa inarudi kwenye salio la kubeti, mechi ya saa nne usiku inakuja, na asubuhi hakuna cha kutoa. Ukishaomba kutoa, toka kwenye akaunti na usiifungue hadi ujumbe uingie.

Kuna imani kwamba kampuni huchelewesha ushindi mkubwa ili usahau. Mara nyingi sababu ni kavu zaidi. Jina ulilojisajilia halifanani na jina la laini, kwa mfano umeandika jina la utani na laini ina jina la kitambulisho cha taifa (NIDA). Au kiasi ni kikubwa na kampuni inataka kitambulisho kwanza. Au mechi moja kwenye mkeka imeahirishwa na matokeo hayajafungwa. Au salio la simu litavuka ukomo wa juu wa daraja lako la akaunti kwenye mtandao, na mtandao ndio unaokataa kupokea. Au umeweka pesa na kuiomba bila kuichezea; hapo kampuni nyingi hukataa, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya mwaka 2006 inazibana zisigeuzwe kichaka cha kupitishia fedha zenye asili mbaya.

Laini pia huleta maumivu. Malipo hurudi kwenye namba iliyosajiliwa. Ukipoteza laini, irudishe kwa kitambulisho chako kabla ya kuomba kutoa. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na akaunti yako ya kubeti ikabaki imefungwa kwenye namba isiyo yako. Na kijana aliye chini ya miaka 18 anayetumia laini ya bibi ajue kwamba haruhusiwi kucheza kabisa, na ushindi wowote una jina la bibi.

Pesa ikishafika kwenye simu, kampuni ya kubeti imemaliza. Wakala wa Nanyamba akikosa keshi, hilo ni la wakala. Makato ya kutoa kwa wakala huenda kwa madaraja ya kiasi, hivyo kutoa elfu kumi mara tano kwa kawaida kunakugharimu zaidi ya kutoa elfu hamsini mara moja. Kama huhitaji noti, lipa moja kwa moja kwa simu dukani.

Bonasi: pesa ambayo bado si pesa

Hapa ndipo "wamekataa kunilipa" nyingi huzaliwa. Tuseme umeweka 10,000 na kampuni imekuongezea zawadi ya kuchezea, yaani bonasi, ya 10,000, sharti likiwa kuizungusha mara tano kwa mikeka ya mechi tatu au zaidi. Maana yake lazima ucheze madau ya jumla ya 50,000 kabla ya kutoa chochote kilichotokana na bonasi. Odi zina faida ya kampuni ndani yake. Tukichukulia ni asilimia 5 kwa kila mechi, mkeka wa mechi tatu unarudisha kwa wastani 0.95 mara 0.95 mara 0.95, yaani karibu shilingi 86 kwa kila 100. Kwenye 50,000 unapoteza kwa wastani zaidi ya 7,000. Bonasi ya elfu kumi imebaki chini ya elfu tatu, na wengi salio huwaishia kabla hata ya kumaliza mzunguko. Mkeka wa mechi tano hurudisha shilingi 77 tu kwa kila 100.

Ukiruhusiwa kukataa bonasi wakati wa kuweka, ikatae. Utakuwa na salio dogo, lakini ni lako na linatoka.

"Tuma kodi kwanza"

Kodi ya ushindi ipo, na inakatwa na kampuni kabla ushindi haujaingia kwenye akaunti yako. Kampuni ndiyo inayoipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Kiwango hupangwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka na kimewahi kubadilika mara kadhaa. Mabadiliko kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo kisome kwenye tiketi yako, usikichukue kwa rafiki. Hakuna utaratibu halali unaomtaka mshindi atume pesa ili alipwe pesa. Iwe wameiita kodi, ada ya kufungua akaunti, bima au uhakiki, anayeomba hivyo ni tapeli, hata kama anajua jina lako na anatumia nembo ya kampuni.

Dalili nyingine ni namba ya kulipia. Kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania hupokea kupitia namba ya kampuni, na jina lake huonekana kabla hujaingiza namba ya siri. Tovuti zisizo na leseni hapa kwa kawaida hazina namba hiyo, basi hukupa namba ya simu ya mtu binafsi au lipa namba ya duka usilolijua, na kesho zinakupa nyingine. Kwa mtandao, hapo umemtumia mtu pesa, hujaweka popote. Ukitaka kudai, hakuna wa kumdai. Majina ya kampuni zenye leseni yako kwenye tovuti ya Bodi. Linganisha anwani herufi kwa herufi, maana tovuti za kuiga huongeza kistari au herufi moja tu.

Vijana wanaoahidiwa ujira ili wakodishe laini zao zipokee malipo ya tovuti hizo wasikubali. Laini ina alama zako za vidole, na polisi wakifuatilia watafika kwako. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua nenda kaifunge. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Ukishindwa kupata haki yako

Usianze na kelele kwenye ukurasa wa kampuni, na hapo usiandike namba yako hadharani, matapeli wanakaa palepale wakisubiri. Piga picha ya skrini ya ujumbe wa muamala, historia ya akaunti yako na tiketi yenyewe, kabla hazijafutika. Andikia kampuni, uhifadhi namba ya lalamiko wanayokupa. Kama mgogoro ni wa mkeka, bonasi au ushindi uliozuiwa na kampuni yenye leseni, unapanda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kama mgogoro ni wa mtandao, yaani pesa imekatwa na ujumbe unaonyesha haikwenda kokote, na mtandao umeshindwa kukujibu, unaweza kupanda Benki Kuu, ambayo kanuni zake za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha ni za mwaka 2019. Benki Kuu ina tawi Mtwara, kwa hiyo mtu wa Lindi au Masasi halazimiki kufunga safari ya Dar es Salaam. Nenda na kitambulisho, laini yenyewe ikiwa kwenye simu, picha za ujumbe, na namba ya lalamiko la kwanza. Bila hiyo namba ya mwisho, utarudishwa ukaanze kwa mtandao wako.